SOMO LA WANACHAMA: USALAMA MAJINI NI KAZI YA CHAMA



Somo hili limetayarishwa kwa ajili ya vyama vyetu vya msingi vilivyo kando ya Ziwa Victoria na katika visiwa vyake: vyama vya wavuvi, vyama vya wakulima ambao mazao yao husafirishwa kwa mitumbwi, na hata vyama vya bara ambavyo wanachama wake huchota maji katika malambo na visima. Yafaa lisomwe kwa sauti katika kikundi cha watu watano hadi kumi, sehemu moja moja, na baada ya kila sehemu wanakikundi wajadiliane. Katibu aandike maoni yao, kwani mwishoni yapo maswali ambayo majibu yake hayana budi kufikishwa katika mkutano wa chama.

Shabaha ya somo

Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, mwanachama aweze:
(a) kueleza kwa nini ziwa huchafuka zaidi nyakati za usiku;
(b) kutambua chombo kilichopakiwa kupita kiasi;
(c) kujiokoa na kumwokoa mwenzake bila kuongeza maafa;
(d) kukitaka chama chake kitimize wajibu wake kuhusu usalama wa wanachama.

1. Kisa cha ghala

Mwaka 2011 mimi niandikaye somo hili nilikuwa katibu wa chama cha msingi cha wavuvi wa dagaa. Jina la chama halina haja kutajwa. Mkutano mkuu wa mwaka huo uliamua kwamba sehemu ya ziada itumike kununua majaketi ya kuokoa maisha, nayo yakanunuliwa majaketi 24. Baada ya miezi miwili ilionekana kwamba vijana wengine wanayakalia, wengine wanayafanya mito ya kulalia, na moja limekwisha chanika. Kamati ikakutana, ikaamua majaketi yote yarudishwe ghalani, na kila atakayehitaji aje kutia sahihi. Uamuzi huo niliuandika kwa mkono wangu katika kitabu cha kumbukumbu, tena kwa kuridhika, maana tulifundishwa kwamba mali ya chama ni amana.

Ghala nilikuwa nikilifunga saa 10 jioni. Mitumbwi ya dagaa huondoka saa 12 jioni. Kwa muda wa miezi saba hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kutia sahihi, wala mimi sikujiuliza kwa nini.

Usiku mmoja wa kiza dhoruba ilivuma. Mtumbwi mmoja wenye watu wanne ulijaa maji ukapinduka. Wawili waliokotwa alfajiri wakiwa wameshikilia dumu tupu la mafuta. Wawili hawakurudi. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 19, na fomu yake ya kuomba uanachama ilikuwa bado mezani pangu ikingoja kikao. Asubuhi ile nilifungua ghala nikayakuta majaketi 24 yamepangwa vizuri, makavu. Mwezi uliofuata mkaguzi wa hesabu alikuja, akayahesabu, akakuta idadi inalingana na kitabu, akatia alama kuonyesha kuwa mambo ni sawa.

Hakuna aliyenishtaki, kwa kuwa hakuna kanuni niliyoivunja. Hesabu ilikuwa sahihi, na watu wawili walikuwa wamekufa. Tangu siku hiyo nimesadiki kwamba usalama wa mwanachama majini si jambo la mvuvi na bahati yake, bali ni kazi ya chama kama ilivyo kazi ya kupima mzigo na kulipa malipo. Hiyo ndiyo sababu ya somo hili.

2. Tabia ya ziwa letu

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, nalo limegawanyika kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Kwa ukubwa wa eneo ni la pili miongoni mwa maziwa ya maji baridi duniani. Walakini si ziwa la kina kirefu: mahali penye kina kikubwa kabisa hapafiki mita 90. Kwa sababu hiyo upepo ukivuma kwa nguvu, maji huumuka upesi, na mawimbi huwa mafupi yenye kufuatana kwa karibu. Mtumbwi haupati nafasi ya kupanda wimbi na kushuka kabla ya lingine kuupiga.

Wavuvi wazee wanajua kwamba dhoruba kali za ziwani hupiga usiku wa manane hadi asubuhi. Jambo hili lina maelezo yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea bara. Ndiyo maana mvua za mchana hunyesha zaidi milimani na mashambani. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na uvuguvugu wake, na upepo huvuma kutoka pande zote za bara kuelekea ziwani. Pepo hizo hukutana juu ya maji, hewa yenye unyevu husukumwa juu, na mawingu ya radi hujengeka. Kwa hiyo saa zile zile ambazo mvuvi wa dagaa yumo kazini na taa yake, ndizo ambazo ziwa hujitayarisha kuchafuka.

Yafaa ifahamike pia kwamba upepo hutangulia mvua. Hewa baridi hushuka kwa nguvu kutoka katika wingu la radi na kutambaa juu ya maji, ikafika mbali kabla ya tone la kwanza kuanguka. Anayengoja mvua imguse ndipo ageuze chombo amechelewa. Dalili za kuangaliwa ni hizi: wingu jeusi linalopanda kama mnara, radi inayomulika upande mmoja wa upeo, upepo unaokatika ghafla kisha kurudi kutoka upande mwingine na kuleta ubaridi, na mstari mweusi wa maji yaliyochafuka kwa mbali. Mwenye kuziona dalili hizi aelekee mwalo ulio karibu, hata kama si wa kwao. Ikiwa radi imekwisha fika naye yuko majini, watu wote wakae chini ndani ya chombo, wasisimame, wala wasishike mlingoti au vitu vya chuma.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na tahadhari za upepo na mawimbi. Redio husikika katika mialo mingi, na simu zimeenea. Kisichokuwapo mara nyingi ni mtu aliyepewa jukumu la kuusikiliza utabiri na kuutangaza mwaloni kabla mitumbwi haijaondoka. Chama kinaweza kumpata mtu huyo bila gharama kubwa. Wahenga walisema kawia ufike, na usiku mmoja wa kutokuvua haujapata kumfilisi mtu.

3. Kabla ya kuondoka: chombo na shehena

Maafa mengi ya majini huanzia nchi kavu, pale watu wanapopakia.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka ikiwa imekaribia mwisho wa safari yake. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Waliokufa walizidi 220. Wasomaji wengi wa gazeti hili wana ndugu au jirani aliyekuwamo katika mojawapo ya vyombo hivyo. Hatuyataji haya ili kufungua majeraha, bali kwa kuwa funzo lake ni moja: idadi iliyoandikwa kwenye leseni haikuandikwa kwa ajili ya kuwasumbua abiria.

Chombo chochote husimama sawa kwa sababu uzito wake uko chini na umegawanyika pande zote. Mzigo ukizidi, ubao wa pembeni hukaribia maji, na wimbi dogo hutosha kuingia. Mzigo ukipangwa juu, au watu wakisimama, chombo huwa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani akipita kwenye utelezi. Watu wote wakikimbilia upande mmoja, kwa woga au kwa haraka ya kushuka, hata maji yaliyotulia hayawezi kukizuia kisipinduke.

Huko Uingereza, mbunge mmoja aitwaye Samuel Plimsoll aliona jinsi mabaharia walivyokuwa wakifa katika meli zilizopakiwa kupita kiasi, akapigania sheria iliyopitishwa mwaka 1876 ya kuzitaka meli zichorwe mstari ubavuni kuonyesha kiwango cha mwisho cha kupakia. Mstari huo haubishani na mtu. Ukizama, shehena imezidi, hata tajiri akisema nini. Chama kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa mitumbwi ya wanachama wake. Siku ya maji kutulia, mtumbwi upakiwe watu na mzigo ulioruhusiwa na leseni yake, mstari wa rangi uchorwe mahali maji yalipofika, na tangu hapo hata mtoto aliyesimama mwaloni aweze kuona kama mtumbwi umezidishiwa.

Kabla ya kuondoka nahodha akague mambo yafuatayo, tena kila siku:
(a) Mbao na kalafati: je, maji yanaingia kiasi gani chombo kikiwa kimesimama?
(b) Chombo cha kufulia maji, makasia ya akiba na nanga yenye kamba ya kutosha. Mashine ikizimika au ikinaswa na magugu maji, makasia ndiyo yatakayowarudisha watu.
(c) Mafuta: theluthi moja ya kwendea, theluthi moja ya kurudia, na theluthi moja ya akiba.
(d) Tochi, filimbi, na simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji.
(e) Jaketi moja kwa kila mtu, si kwa kila chombo.
(f) Watu wenyewe: aliyelewa asipande chombo, hata kama ndiye mwenye chombo.

4. Jaketi la kuokoa maisha

Wapo wanaosema kwamba jaketi ni la wasiojua kuogelea. Hili si kweli. Mwogeleaji hodari akipigwa na ubao kichwani hawezi kuogelea. Akiwa kilometa tano kutoka ufukoni usiku, hajui aogelee kuelekea wapi. Tena mwili hupoteza joto ndani ya maji upesi zaidi kuliko hewani, hata katika ziwa letu ambalo maji yake si baridi sana. Baada ya saa nyingi mikono hulegea na akili huchoka. Jaketi humshikilia mtu juu ya maji pale ambapo nguvu zake zimekwisha.

Jaketi liwe na ukubwa unaomfaa mvaaji. Mtoto akivalishwa la mtu mzima litampanda usoni, naye atachomoka kwa chini. Mikanda yote ifungwe. Namna ya kulijaribu ni rahisi: mwenzako ashike mabega ya jaketi na kulivuta juu, likipita masikio, halikukaa sawa. Jaketi lililochanika hata vipande vya ndani vikaonekana, au lililolowa na kuwa zito, limekwisha kazi yake. Zaidi ya yote, livaliwe. Lililowekwa chini ya nyavu ni sawa na lililofungiwa ghalani, kwa sababu chombo hupinduka kwa muda mfupi kuliko muda wa kufunga mikanda mitatu.

Asiye na jaketi awe na kitu cha kuelea kilichofungwa kwa kamba karibu naye. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko barabara huweza kubeba uzito upatao kilo 19 juu ya maji. Mtu mzima aliye ndani ya maji huhitaji kubebwa kilo chache tu ili kichwa chake kibaki nje, kwa kuwa maji yenyewe yanaubeba mwili uliobaki. Hivyo dumu moja linaweza kuwashikilia hata watu wawili, ilimradi walikumbatie bila kujaribu kulipanda. Dumu si badala ya jaketi, walakini limewarejesha wengi nyumbani.

5. Chombo kikipinduka

Shikilieni chombo. Hii ndiyo kanuni ya kwanza na ya mwisho. Mtumbwi wa mbao huelea hata ukijaa maji, na watafutaji huuona mtumbwi upesi kuliko kichwa cha mtu. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo, na wengi waliokufa ni wale waliouacha mtumbwi wakaanza kuogelea.

Nahodha ahesabu watu kwa kuwaita majina. Asiyejua kuogelea awekwe katikati ya wenzake. Vueni buti na makoti mazito yanayovuta chini, lakini bakieni na nguo nyepesi, maana husaidia kuhifadhi joto. Msipoteze nguvu kwa kupiga kelele mfululizo. Pigeni filimbi au pazeni sauti pamoja kwa vipindi, hasa mkisikia mashine. Mliovaa majaketi mkumbatiane, mkikunja magoti kuelekea kifuani, ili joto lisitoke haraka. Anayeanza kusinzia aongeleshwe.

6. Kumwokoa mwenzako

Twasema mfa maji haachi kutapatapa. Methali hii ni ya kweli kwa dakika za mwanzo, lakini imewapotosha wengi. Anayezama hasa, aghalabu hatoi sauti wala hapungi mkono. Kinywa chake kiko usawa wa maji, naye hana pumzi ya kuita. Mikono yake hukandamiza maji pande mbili kana kwamba anapanda ngazi, kichwa kimelala nyuma, macho yamekodoka. Huweza kutoweka kabla ya dakika moja kwisha, watu wakiwa karibu naye wakidhani anacheza. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akipiga kelele majini akinyamaza, msifurahi, mtazameni.

Namna ya kumwokoa ifuate daraja hizi:
Kwanza, mwite na umwelekeze kwa sauti ya kumtuliza, huku mwingine akikimbilia msaada.
Pili, mfikie kwa kitu: upondo, kasia, fito, kanga au shuka. Lala kifudifudi ufukoni ili usivutwe.
Tatu, mtupie kitu cha kuelea: dumu lililofungwa kamba, boya la nyavu, jaketi.
Nne, mfuate kwa chombo, ukimkaribia kwa upande ambao mashine haitamjeruhi.
Kuingia majini kwa mwili ni jambo la mwisho kabisa, na ni la mtu aliyefundishwa, tena awe na kitu cha kuelea mkononi. Mtu anayezama hushika chochote akakipanda, na hajui kama alichokishika ni ndugu yake. Mara nyingi tumezika wawili mahali pa mmoja: mtoto na baba yake, msichana na dada yake. Kumzuia mtu asijitose si ukatili.

7. Kumrudishia pumzi

Aliyetolewa majini bila kupumua anaweza kupona ikiwa atasaidiwa papo hapo. Tuache desturi ya kumning'iniza miguu juu, kumbingirisha juu ya pipa, au kumkamua tumbo ili atapike maji. Desturi hizo hupoteza dakika zenye thamani, na matapishi huweza kumwingia mapafuni. Anachokikosa ni hewa.

Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu na kulaza kichwa nyuma kidogo ili njia ya hewa ifunguke. Ikiwa kuna tope au majani mdomoni, yaondoe. Tazama kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Ikiwa hapumui, ziba pua yake, funika mdomo wake kwa mdomo wako, umpulizie pumzi 5, kila moja ikitosha kukiinua kifua. Kisha weka viganja viwili katikati ya kifua, mmoja juu ya mwingine, ukandamize mara 30 kwa nguvu na haraka, kiasi cha mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikishuka sentimeta 5 hivi. Kwa mtoto mdogo tumia kiganja kimoja, na kifua kishuke theluthi ya unene wake. Baada ya hapo pumzi 2, mikandamizo 30, na kuendelea hivyo bila kukata tamaa. Mchokapo, pokezaneni.

Akianza kupumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike. Hata akiamka na kusema hajambo, sharti apelekwe zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa mapafu yaliyoingiwa na maji huweza kumletea shida saa kadhaa baadaye.

Jambo hili halifahamiki kwa kusoma tu. Chama kimwombe mganga wa zahanati au askari wa Zimamoto na Uokoaji aje kuwaonyesha wanachama kwa vitendo, na kila mwaka darasa lirudiwe.

8. Watoto, na maji yaliyo karibu na nyumba

Wanachama wa bara wasidhani kwamba somo hili haliwahusu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya umri wa miaka 5. Mtoto wa umri huo hahitaji ziwa ili afe maji. Lambo la ng'ombe, kisima kisicho na mfuniko, shimo la matofali lililojaa mvua, hata ndoo kubwa, vyatosha. Saa za hatari ni zile ambazo mama yuko shambani au anaanika dagaa, na mtoto ameachwa kwa mtoto mwenzake.

Dawa yake ni rahisi. Visima vifunikwe. Malambo na mashimo yazungushiwe miiba au uzio. Kina mama wa mwaloni wapange zamu ya kulea watoto mahali pamoja saa za kazi; huko Bangladesh vituo vya namna hiyo, vinavyowaangalia watoto wadogo saa ambazo wazazi wana shughuli, vimepunguza sana vifo hivyo. Watoto wa shule wafundishwe kuogelea na kuelea chali, mahali palipochaguliwa, chini ya usimamizi wa mtu mzima.

Mahali hapo, kadhalika pa kuchotea maji, pachaguliwe kwa busara. Pasiwe karibu na matete, ambamo mamba hujificha na viboko hupita, wala watu wasiende alfajiri na magharibi. Maji yaliyotuama yenye konokono huleta kichocho. Wenye kuingia majini kila siku wapimwe na kupewa dawa zahanati.

9. Chama kifanye nini?

Shirikisho la Vyama vya Ushirika Duniani lilipothibitisha kanuni 7 za ushirika mwaka 1995, kanuni ya 5 ilihusu elimu, na ya 7 kuijali jamii. Kanuni hizi zisibaki ukutani. Tunapendekeza hatua zifuatazo:

(a) Daftari la safari. Mwaloni kuwe na daftari la kuandika jina la chombo, nahodha, watu wote waliomo kwa majina, eneo wanakokwenda, namba ya simu, saa ya kuondoka na saa ya kutarajiwa kurudi. Msimamizi wa zamu akiona saa imepita, asingoje mchana: apige simu kwa nahodha, kwa mialo jirani, kisha kwa polisi kwa namba ya dharura 112. Bila daftari hili, hatuwezi kujua nani wa kutafutwa.

(b) Majaketi yatoke ghalani. Yaandikwe katika kitabu cha mali, yapewe namba, kisha yakabidhiwe kwa nahodha kwa hati. Kila mwaka yapunguzwe thamani kwa uchakavu kama mali nyingine. Jaketi lililochakaa kwa kuvaliwa ni matumizi halali ya chama. Katibu asiogope swali la mkaguzi kuhusu jaketi lililochanika. Aogope swali la mjane kuhusu jaketi jipya.

(c) Fungu la usalama. Mkutano mkuu utenge kila mwaka kiasi cha fedha kwa ajili ya majaketi, kamba, tochi na mafuta ya chombo cha uokoaji. Vyama visivyojiweza peke yake viagize vifaa kwa pamoja kupitia chama kikuu, ili bei ipungue.

(d) Leseni na ukaguzi. TASAC, shirika lililoanza kazi mwaka 2018, ndilo lenye jukumu la kudhibiti usalama wa vyombo vya majini. Chama kiwasaidie wanachama kukaguliwa na kupata leseni.

(e) Msimamizi wa hali ya hewa. Ateuliwe mtu wa kusikiliza utabiri kila alasiri na kuandika ubaoni. Siku ya tahadhari ipandishwe bendera nyekundu, na chama kisipokee mzigo wa aliyeipuuza. Hatua hii ni ngumu kwa kuwa inagusa mfuko, ndiyo sababu sharti ipitishwe na mkutano mkuu wenyewe, wala isiwe amri ya katibu.

(f) Siku ya mafunzo. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua mwaka 2021 kwamba tarehe 25 Julai iwe siku ya kukumbusha mataifa yote juu ya kuzuia vifo vya majini. Chama kiitumie siku hiyo kwa mazoezi ya uokoaji na ukaguzi wa mitumbwi.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mwalo wetu, mitumbwi huondoka saa ngapi, na ghala la vifaa hufunguliwa saa ngapi?
2. Usiku wa leo mtumbwi mmoja usiporudi, je, tunaweza kutaja majina ya wote waliomo? Nani ataanza kuwatafuta, na kwa mafuta ya nani?
3. Wangapi kati yetu hawajui kuogelea? Wangapi wamewahi kuonyeshwa namna ya kumrudishia mtu pumzi?
4. Taja visima, malambo na mashimo yaliyo wazi kijijini. Kila kimoja ni cha nani, naye atakifunika lini?
5. Chama chetu kitenge shilingi ngapi mwaka huu kwa ajili ya usalama majini? Andikeni azimio la kupelekwa katika mkutano mkuu.

Makatibu wanaombwa kuleta majibu ya swali la 5 kwenye ofisi ya chama kikuu pamoja na makisio ya mwaka. Swali la 1 lisingoje makisio. Lijibiwe leo jioni, kabla mitumbwi haijaondoka.